Kichwa kinachouma ukiketi na kupoa ukilala: tusikimbilie kusema ni jini

Ndugu msomaji wa safu hii, leo tuzungumze kuhusu maji ambayo wengi wetu hatujui hata kama tunayo. Si maji ya tumboni wala ya magotini. Ni maji maangavu kabisa, ambayo Allah (SW) ameuzungushia ubongo na uti wa mgongo wa kila mmoja wetu. Yakivuja, mtu huugua maradhi ambayo majumbani mwetu yamepewa majina mengi: uvivu, deko la mzazi, husda, jini, au mafua yasiyopona. Nadhani wakati umefika tuyaite kwa jina lake, maana wapo wanaoumia, na wapo wanaokufa, kwa sababu ya majina hayo mengine.

Mtu mzima ana maji haya kiasi cha mililita 150 tu, yaani nusu ya chupa ya soda. Mwili hutengeneza kiasi cha nusu lita kila siku, hivyo yanabadilishwa mara tatu au zaidi kati ya alfajiri na alfajiri. Kazi yake kubwa ni kuubeba ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu, lakini ukiwa unaelea ndani ya maji yake uzito huo hushuka hadi gramu 50 hivi. Subhanallah. Maji yenyewe yameshikiliwa na utando mgumu. Utando huo ukitoboka, na maji yakatoka haraka kuliko yanavyotengenezwa, ubongo unakosa pa kuelea. Mtu akisimama au akiketi, ubongo unashuka kidogo na kuvuta tando na mishipa inayoushikilia, na kichwa kinauma kwelikweli. Akilala, uzito unaondoka, na maumivu yanapungua au kuisha kabisa.

Huku kwetu mlango mkubwa wa uvujaji huu ni sindano ya mgongo. Anachomwa mama anayejifungua kwa upasuaji, anachomwa mzee wa busha, wa ngiri, wa tezi dume. Ni ganzi nzuri na ya salama, nami naitetea, na nitarudi kuitetea hapa chini. Lakini sindano inapopita huacha kitundu, na kwa baadhi ya watu kitundu hicho hakizibi upesi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1898, katika mji wa Kiel huko Ujerumani, daktari mpasuaji August Bier alianza kutumia ganzi ya mgongo kwa wagonjwa. Kisha akamtaka msaidizi wake, Hildebrandt, amchome yeye mwenyewe ili aone ikoje. Maji mengi yakamvuja. Bier alilala kitandani siku tisa kwa kichwa na kizunguzungu, na akaeleza kwamba akilala hana tatizo, akiinuka yanarudi. Huyo hakuwa mzazi anayedeka mbele ya wakwe. Alikuwa profesa wa upasuaji.

Sasa tazama yanavyokwenda majumbani mwetu. Mama amejifungua kwa upasuaji, siku ya pili au ya tatu kichwa kinaanza. Kinauma kwenye paji la uso na kisogoni, shingo inakaza, anasikia kichefuchefu, masikio yanavuma, mwanga wa dirishani unamkera. Akilala ni mzima, anaongea na kucheka. Akiketi kumnyonyesha mtoto, machozi yanamtoka. Wageni wanakuja kumwona mtoto wanamkuta amelala. Mama mkwe anaanza kuhesabu watoto aliozaa yeye na namna alivyoinuka siku ileile kuteka maji. Wifi naye anauliza, mbona akilala hana kitu?

Ndugu msomaji, neno hilo la wifi ndilo neno zima la kitabibu. Maumivu yanayokuja kwa kuinuka na kuondoka kwa kulala, baada ya sindano ya mgongo, ni alama ya maji kuvuja. Wao wanalitumia kumhukumu, kumbe ndilo linalomtetea. Mvivu hana sababu ya kulia anapoketi kumnyonyesha mwanawe.

Hatua inayofuata nyumba nyingi ni kusema mzazi amevamiwa kwa kuwa yumo kwenye nifasi. Nielewe vizuri hapa. Mimi nimekaa juu ya mkeka wa madrasa kabla ya kukaa kwenye kiti cha utabibu, na sipingi mgonjwa kusomewa Qur'an. Msomeeni. Lakini kisomo hakihitaji mgonjwa aketishwe saa mbili huku anatapika, wala afukizwe moshi, wala apigwe ili anayesemwa atoke. Msomeeni akiwa amelala. Wala msimpeleke kuumikwa mgongoni pale palipochomwa sindano, kwa kisingizio kwamba hijama ni sunna. Kidonda kibichi cha hospitali si mahali pa kuchanja. Na msomaji wa ruqya anayewaambia msirudi hospitali, huyo muogopeni.

La kufanya si gumu. Alale pale anapohisi nafuu, amnyonyeshe mtoto akiwa amelala ubavu, anywe maji kama kawaida na atumie panadol kwa kipimo alichoelekezwa. Kuna hospitali ambazo bado zinawalaza watu chali siku nzima bila mto ili kichwa kisije. Uchunguzi haujaonyesha kwamba kulazwa hivyo kunazuia. Kulala kunapunguza maumivu yaliyopo, basi. Na anayelala sana achezeshe miguu na kuinuka kidogo anapoweza, maana damu ya mzazi huganda kwa urahisi.

Na kahawa? Naam, kahawa. Ile kafeini iliyomo hubana mishipa ya damu iliyovimba kichwani na huweza kutuliza maumivu kwa saa chache. Wazee wa barazani watafurahi kusikia. Ila haizibi tundu, na anayenyonyesha asizidishe, mtoto atakesha. Mwenye presha ya kupanda asiitegemee kabisa.

Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Asiyepata nafuu, au anayeshindwa hata kumshika mwanawe, ana dawa nyingine ambayo watu wetu wengi hawajaisikia. Daktari wa usingizi humtoa mgonjwa damu yake mwenyewe mkononi, kiasi cha mililita 15 hadi 20, akaiingiza polepole mgongoni karibu na pale palipotoboka, nje ya ule utando. Damu inaganda na kuziba kama kiraka. Daktari James Gormley wa Marekani ndiye aliyeieleza njia hii mwaka 1960, na wagonjwa wengi hupata nafuu siku hiyohiyo. Si kazi ya zahanati, inataka mtaalamu na usafi wa hali ya juu, ndiyo maana nasema rudini hospitali mliyopasuliwa mkaulize. Na anayehofu kwamba damu ni najisi, wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu mgonjwa kuongezwa damu ya mtu mwingine kwa dharura. Hii ni ya kwake mwenyewe, wala hainywi.

Ila nisije nikawalaza usingizi. Wapo ambao uvujaji huwaletea makubwa. Ubongo unaposhuka unaweza kuuvuta mshipa wa fahamu unaogeuza jicho kwenda nje, mtu akaanza kuona vitu viwili viwili. Wengine husikia kama wapo ndani ya pipa, au sikio moja linaziba. Mishipa midogo ya damu juu ya ubongo inaweza kuvutwa hadi ikakatika, damu ikavilia polepole kwa siku au wiki kadhaa. Alama yake ni ya kukumbuka sana: kichwa kilichokuwa kinapoa kwa kulala sasa hakipoi tena, kinauma mchana na usiku. Mgonjwa anasinzia ovyo, anachanganya maneno, mkono au mguu unalegea, au anapata mtukutiko kama wa kifafa. Hapo usingoje asubuhi.

Na si kila kichwa cha mzazi ni maji yaliyovuja. Kifafa cha mimba huja hata baada ya mtoto kutoka, hasa siku za mwanzo, na wengine hupatwa wiki kadhaa baadaye. Huanza kwa kichwa kikali, macho kuona ukungu au vimulimuli, na maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Presha hupimwa kwa dakika moja tu. Kuna homa ya uti wa mgongo, kuna malaria, kuna damu kuganda kwenye mishipa ya ubongo. Kwa hiyo, tunaposema "ni maji tu, yatakoma" bila kupimwa, tunafanya kosa lilelile la anayesema ni jini. Mzazi mwenye kichwa kikali apimwe presha na joto siku hiyohiyo.

Lawama nyingine ni ya sisi wenye makoti meupe. Mgonjwa anachomwa mgongoni, anapasuliwa, anaruhusiwa kwenda nyumbani, na hakuna aliyemwambia neno moja kwamba kichwa chaweza kuja na kikija afanye nini. Ni sentensi mbili tu. Zinashindikana vipi? Tena sindano zenyewe zinatofautiana. Ile nyembamba yenye ncha iliyochongoka kama ya penseli husukuma nyuzi za utando pembeni, na huacha uvujaji mdogo kuliko ile nene yenye ncha ya kukata. Mume anayo haki ya kuuliza kwa adabu ni ipi itakayotumika.

Aulize, lakini asikatae. Nimesema nitaitetea sindano hii. Wapo waume wanaosema mke wangu hachomwi mgongoni, mpeni nusu kaputi. Mama mjamzito aliyelazwa usingizi kabisa anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu, na njia yake ya hewa ni ngumu kushika kuliko ya mtu mwingine. Kichwa cha wiki moja si sawa na hatari hiyo.

Ukataaji unaoniuma zaidi ni ule wa mtoto. Mtoto ana homa, shingo imekaza, analia akiguswa, utosi umejaa. Daktari anataka kuchukua maji ya mgongo apime kama ni homa ya uti wa mgongo. Baba anakataa kwa sababu mtaani inasemwa kwamba mtoto akitolewa maji hupooza. Wallahi maneno haya yamewagharimu watoto wetu. Uti wa mgongo wenyewe huishia juu ya pale inapoingizwa sindano. Sindano hushuka chini, karibu na usawa wa nyonga. Kinachochukuliwa kwa mtoto mdogo hakijai kijiko cha chai, na mwili unakirudisha kwa muda mfupi. Zipo hali ambazo daktari mwenyewe ataahirisha kuchoma, na hilo ni lake kulipima. Mtoto aliyebaki kiziwi au mlemavu baada ya ugonjwa huu ameachwa hivyo na vijidudu vilivyochelewa kutibiwa. Watu walimwona akichomwa mgongoni, hawakuviona vijidudu, wakailaumu sindano.

Tuje kwenye mlango mwingine wa maji haya, nao ni pua na sikio. Siku hizi bodaboda zimetufundisha. Kijana anaanguka, anapiga kichwa, anainuka anajipangusa vumbi. Kesho yake macho yamezungukwa na weusi, au nyuma ya sikio pana alama ya damu iliyovilia. Kisha tundu moja la pua linadondosha maji, safi kama ya bomba. Akiinama yanaongezeka. Anasikia ladha ya chumvi kooni. Nyumbani wanasema ni mafua ya vumbi, anapewa vidonge vya dukani. Mafua ya kawaida huziba, huwa mazito, hutoka pande zote mbili. Maji yanayotoka upande mmoja baada ya kugonga kichwa yanatoka kwenye ubongo, kupitia ufa wa mfupa ulio chini yake. Na ufa unaotoa maji unaweza kuingiza vijidudu. Mwingi wa uvujaji huu wa ajali hukoma wenyewe ndani ya wiki hivi, lakini usiokoma ni njia ya wazi ya homa ya uti wa mgongo, na unataka kuzibwa kwa upasuaji.

Mgonjwa huyu asipenge pua, asivute makamasi kwa nguvu, asijizuie kupiga chafya kwa kubana pua, na asizibe tundu kwa pamba. Hapo ndugu Muislamu atauliza, na udhu wangu? Swali zuri. Kuvuta maji puani kunaweza kupeleka uchafu mahali pabaya. Aliyesoma Safina anakumbuka kuwa faradhi za udhu ni sita, na kuvuta maji puani haimo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, ni sunna. Akiiacha, udhu wake umetimia. Hata katika hadithi ya Laqit bin Sabira, Mtume (SAW) alipohimiza kuvuta maji vizuri alimtoa aliyefunga, basi vipi aliyepasuka mfupa wa kichwa?

Na kuinama? Rukuu na sijda huongeza maji kutoka. Daktari akimkataza kuinama ataswali kwa kuashiria, sijda iwe chini kidogo kuliko rukuu. Imran bin Huswayn (RA) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (SAW) kuhusu swala, akaelekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Ruhusa hiyo ni ya mzee wetu wa busha pia, ambaye siku ya tatu baada ya sindano ya mgongo anajikokota kwenda msikitini huku ameshika kichwa, akidhani kulala ubavu akielekea kibla ni upungufu wa imani. Mzazi yeye amepumzishwa swala katika nifasi, hana haja ya kujilazimisha. Undani wa hukumu waulizeni masheikh.

Wanaowakataza wagonjwa ruhusa hizi nawakumbusha hadithi ya Jabir (RA) iliyomo katika Sunan Abi Daud. Mtu mmoja safarini alipigwa jiwe kichwani, kisha akawa na janaba. Akauliza wenzake kama ana ruhusa ya tayamamu, wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (SAW) alipopata habari aliwalaumu kwa ukali sana, akabainisha kuwa walimuua, na kwamba asiyejua tiba yake ni kuuliza. Nami nikisoma hadithi hii naona jinsi ilivyo karibu na wodi zetu.

Wapo pia, wachache, wanaovuja bila sindano wala ajali. Utando wao ni dhaifu kwa maumbile, au mfupa mdogo wa uti umechoma, na kikohozi au mzigo mzito unamalizia. Wengi wao ni wanawake wa umri wa kati. Huzunguka miaka wakitibiwa kipandauso. Mwenye kichwa cha kuinuka na kulala asiyejua kilianzaje, aseme hivyo kwa daktari waziwazi na aulizie kipimo cha MRI.

Ama bodaboda, kofia ngumu huvaliwa juu ya ushungi bila shida, dada zangu. Na baraghashia ya Ijumaa inakunjwa ikaingia mfukoni hadi utakapofika msikitini. Nimechoka kuwaona vijana wa kanzu nyeupe wakipepea barabarani vichwa wazi wakiwahi hotuba.

Ukimpeleka mgonjwa kwa tabibu, mweleze mambo haya bila kusubiri kuulizwa: alichomwa mgongoni au alianguka lini, akilala maumivu yanakuwaje, ana homa au hana, na kama anaona viwili viwili au anachanganya maneno. Aliyeumia kichwa na kutoka maji puani au sikioni aanzie hospitali, si duka la dawa, na asafirishwe akiwa ameinuliwa kichwa kidogo. Upasuaji wa ubongo unafanyika nchini, MOI pale Muhimbili ni mahali pamojawapo, lakini rufaa inaanzia hospitali ya wilaya. Maji yakiwa yanadondoka, yakingeni kwenye kichupa safi chenye kifuniko mwende nacho, maana maabara yenye uwezo inaweza kuyapima na kusema ni ya ubongo au ni makamasi.